Mstari wa Kumi na Saba

4 Februari

Dada,

Kabla hujaanza kulalamika kwamba nimekaa kimya, jua kuwa barua hii naiandika mkutanoni, daftari likiwa wazi mbele yangu kama vile nanukuu hotuba, huku Mwenyekiti wetu akieleza kwa mara ya tatu tofauti ya ahadi na utekelezaji. Nimeteuliwa. Lile Jopo la Tathmini nililokugusia wakati wa likizo limeundwa kweli. Tuko wasomi tisa, kila mmoja na sura yake ya kuandika, na kazi yetu ni kumpa Rais mpya alama za mwaka wake wa kwanza. Mmoja ana ajira, mwingine mahakama, mwingine maji. Mimi nimepewa afya ya mama na mtoto. Najua unacheka.

Ripoti itasomwa hadharani tarehe ishirini Aprili, siku Rais anapotimiza mwaka. Mwenyekiti ni yule profesa wangu wa zamani, Kalamu Nyekundu, aliyenisahihisha tangu mwaka wa kwanza mpaka shahada ya uzamivu. Amezeeka ila hajalegea. Ametuwekea sharti moja tu: hakuna kutoa alama kwa kitu ambacho hukukiona. Kila mmoja wetu afike mahali patatu, na kila anapofika aandike jina lake kwenye kitabu cha wageni, kisha alete nakala ya ukurasa huo. Picha hataki kuzisikia. Anasema siku hizi mtu anapigwa picha ya safari akiwa kitandani kwake. Kwenye ripoti kila sura itakuwa na tanbihi: kituo fulani, ukurasa fulani, mstari fulani.

Nimepanga hospitali kuu, kituo cha njia panda, na cha tatu kiwe chako. Walipokizindua mwaka jana walitangaza kwamba kina chumba cha upasuaji. Je, kinafanya kazi, au ulikatwa utepe tu watu wakaenda zao? Niambie kama ndugu. Nakumbuka uliponiaga ukiacha hospitali ya mjini nilikuambia unajizika. Kama nilikosea, nipe nafasi ya kukuomba radhi.

Jibu mpe dereva wa gari la dawa. Simu ya kwenu hata nisijisumbue, mpaka upande mlimani ndipo isikike, na Baba karani wa posta hakutulea tupelekane habari za maana kwa kupiga kelele.

Mdogo wako,
Kinda


19 Februari

Kinda,

Nimecheka, tena kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha tatu akauliza nesi kapatwa na nini leo. Wewe na afya ya mama na mtoto? Mtu aliyepewa mwanangu ampakate akamshika kama sinia la vyombo? Haya bwana, nchi ina wasomi.

Umeniuliza kama ndugu, nami nakujibu kama ndugu. Kila kitu kipo. Wodi ya wazazi ina vitanda kumi na viwili, na mimi ndiye msimamizi wake. Chumba cha upasuaji kipo, meza ipo, ile taa kubwa ipo. Hakuna kinachonisumbua. Mapazia ametushonea mshonaji wa hapa sokoni, dada mmoja mpole, naye ni mjamzito anayekuja kliniki kwangu. Mtoto wake wa kwanza alitoka kwa upasuaji, kwa hiyo na huyu namfuatilia kwa karibu. Nilimtania kwamba amejishonea mapazia yake mwenyewe. Akaniambia basi angeongeza marinda.

Kwa hiyo sikujizika, na radhi yako naisubiri, tena iandike kwa herufi kubwa. Mama ameshaueleza mtaa mzima kwamba binti yake anaongoza wodi yenye chumba cha upasuaji. Yule jirani aliyekuwa akitupigia kelele na binti yake wa benki sasa akimwona Mama anaanika nguo, anaingia ndani.

Ukija, njoo kabla ya mvua. Barabara ya huku ikilowa haina adabu. Na usinitumie maswali mengi, nina kazi.

Dada yako


11 Machi

Dada,

Maji yamenifika shingoni, na si msemo peke yake. Hospitali kuu nilifika. Njia panda nilifika. Kwako nimeshindwa. Niliondoka Alhamisi alfajiri, na kwenye daraja la pili basi likageuza, mto umepanda juu ya barabara. Tulirudi na matope yetu. Nikisubiri maji yapungue nitachelewa, maana rasimu inatakiwa mezani tarehe ishirini na Kalamu Nyekundu hana ndugu wala rafiki kwenye mambo ya tarehe.

Nina ombi, na nakuomba usiniruke kabla hujalisoma lote. Kitabu cha wageni kinakaa mezani kwako. Niandikie jina langu. Weka tarehe ya Alhamisi ile, kwa kuwa siku hiyo kweli nilikuwa njiani kuja. Simwibii mtu. Macho yako ni macho yangu, na uliyoniandikia yana uzito kuliko ambayo ningeyaona kwa saa mbili nikitembezwa na kuchekewa. Wala si mara ya kwanza, wewe ndiye uliyekuwa ukinisainia ripoti za shule kwa mwandiko wa Baba.

Nipe na idadi. Tangu kituo kifunguliwe, wanawake wangapi wamejifungua kwa upasuaji? Andika namba tu, maneno nitaweka mimi. Nakala ya ukurasa mpe dereva.

Kamati ya kupandisha vyeo inakaa Juni. Sura hii ikisimama vizuri, utaacha kuniita profesa mtarajiwa.

Kinda


16 Machi

Kinda,

Sijapenda. Ungekuwa mbele yangu ningekukatalia kwa mdomo, lakini kwenye karatasi sijui kwa nini nashindwa. Hii ni barua ya tatu, mbili nimechana. Nilitaka kukueleza jambo kuhusu chumba cha upasuaji, lakini maelezo yake ni marefu na dereva ameshawasha gari. Labda siku ukija.

Idadi ni kumi na nne. Wanawake wangu kumi na wanne wamejifungua kwa upasuaji tangu tufungue.

Jina lako liko ukurasa wa tatu, mstari wa kumi na saba. Kwenye sababu ya kuja nimeandika "Utafiti". Kwenye maoni nimeandika "Nimeridhika", maana wote wanaandika hivyo hivyo.

Tusifanye tena.

Dada yako


22 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Saba juu ya kumi. Sura yangu imetoka na alama kubwa kuliko zote. Ajira imeambulia nne, mahakama tano, na mwenye sura ya maji bado amenuna. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Nilipofika kwenye ile aya, "Katika kituo kimoja cha pembezoni ambacho mwandishi alikitembelea, wanawake kumi na wanne wamejifungua kwa upasuaji katika mwaka huu wa kwanza", nikataja na jina la kituo, watu wakapiga makofi. Redio imeirudia aya hiyo jioni, asubuhi na mchana. Msemaji wa Rais amesema hata wasomi wameona. Mwenzangu wa ajira akaninong'oneza nisije nikawa navikwa kilemba cha ukoka. Nikamwambia anywe maji.

Mama alinipigia analia kwa furaha. Akasema mlisikiliza pamoja, likizo yako imeangukia vizuri. Nikamwomba akupe simu, akasema umetoka nje. Nikasubiri. Akasema bado uko nje. Ulikuwa unafanya nini huko?

Radhi yako hii hapa, kwa herufi ulizotaka. NILIKOSEA. HUKUJIZIKA.

Mdogo wako, karibu profesa,
Kinda


9 Mei

Kinda,

Kaa chini. Barua hii usiisome ukiwa umesimama kwenye korido na wanafunzi wako.

Nilitoka nje kwa sababu sikuweza kuisikiliza sauti yako. Nilisimama nyuma ya jiko la Mama nimeziba masikio, mtu mzima mimi. Chumba cha upasuaji hakijafanya kazi hata siku moja. Meza ipo na taa ipo, hapo sikukudanganya. Mashine ya usingizi iko ndani ya sanduku lake, haijafunguliwa, kwa sababu hatuna mtaalamu wa dawa ya usingizi, na bila huyo hakuna daktari atakayemgusa mtu kwa kisu. Mlango umefungwa kwa kufuli, ndani tumeweka magodoro ya akiba. Wale kumi na wanne ni wanawake niliowapakia kwenye pikapu kwenda hospitali ya rufaa, mwendo wa saa mbili na nusu barabara ikiwa kavu. Walipasuliwa huko. Nilijua utaelewa vingine. Nilipanga maneno ili uelewe vingine, kisha nikajiambia kwamba sijasema uongo.

Nilifanya hivyo kwa sababu ulisema najizika. Na kwa sababu ya Mama na kamba yake ya kuanikia nguo. Nimetafuta sababu kubwa zaidi ya hizo, ili angalau nijionee huruma, sijaipata.

Sasa sikiliza mengine. Mara tatu nilikuwa nimeandika wizarani kuomba huyo mtaalamu. Jibu limekuja Ijumaa, nakunakilia kama lilivyo: "Rejea maombi yako. Kwa mujibu wa Ripoti ya Jopo la Tathmini, sura ya tatu, kituo chako kinatoa huduma kamili ya upasuaji. Mtumishi aliyekuwa amepangiwa kituo chako amepelekwa penye uhitaji zaidi. Ombi lako limefungwa." Alikuwa amepangwa, Kinda. Alikuwa anakuja.

Na mshonaji. Nilikuwa nimemwambia asisubiri uchungu, ahamie kwa shangazi yake karibu na hospitali ya rufaa kabla mwezi haujaisha. Alikuwa ameshafunga mzigo. Akasikia redio, akaufungua. Mumewe ameniambia walifurahi, wakasema basi atajifungulia hapa hapa, kwenye mapazia yake. Mimi wa kumzuia nilikuwa kwa Mama, nakula likizo. Nilirudi Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa, saa nne asubuhi, nikamkuta kwenye benchi la wodi, uchungu umemshika tangu alfajiri. Aliponiona akatabasamu. Akasema, "Nesi, redio imesema mnapasua."

Pikapu ilikuwa imeondoka na mgonjwa mwingine. Ilirudi saa nane mchana. Nilipanda naye, nikamshika mkono njia nzima, na njia nzima hakuniuliza kitu. Yeye amepona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kike.

Hajaniuliza mpaka leo. Mumewe pia. Wananisalimia sokoni kama kawaida, na mimi napita nimeinamisha uso kama mwizi wa kuku.

Dada yako


30 Mei

Dada,

Barua yako niliipata tarehe kumi na mbili, na unaona leo ni tarehe ngapi. Nimeandika nne nikazichana. Ya kwanza ilikuwa ya hasira: ulinidanganya, na sitajifanya kwamba haliniumi. Nilikuuliza kama ndugu. Zilizofuata hata sijui zilikuwa za nini.

Silali vizuri. Nikiingia darasani naona wanafunzi wananisoma usoni. Juzi mmoja aliniuliza swali la kawaida kabisa, mtafiti afanye nini kama hakuweza kufika alikotakiwa kufika, nikamfokea mbele ya wenzake.

Nimefikiria njia. Mwezi wa tisa litatoka toleo la pili la ripoti. Hapo nitabadilisha aya ile kimya kimya: badala ya "wamejifungua kwa upasuaji" nitaweka "wamepewa rufaa". Nani atakayelinganisha matoleo mawili? Wizara nitawaandikia mimi mwenyewe, kwa lugha ya kiofisi, kwamba kuna takwimu zimepitwa na wakati. Kamati ya vyeo inakaa tarehe kumi na nane Juni. Ikishapita hiyo nitasema lolote utakalotaka niseme. Nakuomba wiki tatu tu. Tusivuane nguo wenyewe kwa wenyewe.

Na ule ukurasa wa tatu. Mvua za mwaka huu zilikuwa nyingi, vitabu vingi vya ofisi vimelowa. Sisemi uuchane. Nasema vitabu hulowa.

Mpe pole mshonaji. Usimwambie inatoka kwa nani.

Kinda


7 Juni

Kinda,

Ukurasa haukulowa. Paa la ofisi yangu halivuji. Ndicho kitu pekee humu kilichojengwa kwa nia njema.

Mimi sikukungoja. Kabla hata barua yako haijafika nilikuwa nimeshakwenda kwa Mama, Jumapili, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Aliinuka, akazima redio iliyokuwa ikiimba peke yake. Kisha akaniuliza, "Na watu wote niliowaambia?" Siku ya pili yake alikwenda kwa yule jirani, kwa miguu yake na magoti yake mabovu, akamwambia kwamba binti yake hana chumba cha upasuaji, ana stoo ya magodoro. Mama, Kinda. Miaka sabini na moja. Hakusubiri kamati yoyote.

Na nilikwenda kwa mshonaji. Nikamwambia kwamba redio ilisema yale niliyoyaandika mimi. Alikuwa anashona sare za shule. Hakusimamisha cherehani. Nilisimama pale mpaka akamaliza mkono wa shati, akakata uzi, akachukua mwingine. Nikaondoka. Pole yako sikumpa. Pole isiyo na mwenyewe utaipeleka mwenyewe.

Unasema nilikudanganya. Ni kweli, na nitakufa nikijua hivyo. Ila ungefika ungeona kufuli. Ni kubwa, liko usawa wa macho, hata mgeni wa saa mbili anayetembezwa na kuchekewa angeliona.

Dada yako


14 Juni

Kwa Mwenyekiti wa Jopo, mwalimu wangu.

Shikamoo.

Naandika kukiri kwamba sikufika katika kituo cha tatu kilichotajwa kwenye sura yangu. Nilirudishwa na mto nikiwa njiani, nikaona aibu kukuomba siku zaidi, nikamwomba dada yangu, ambaye ni muuguzi msimamizi wa wodi ya hapo, aandike jina langu kwenye kitabu cha wageni. Mstari wa kumi na saba si mkono wangu. Kituo hicho hakijafanya upasuaji hata mmoja. Idadi ya kumi na nne ni ya wanawake waliopelekwa kwingine kwa pikapu. Niliambiwa namba nikaitilia maneno, bila kuuliza hata swali moja ambalo ningemuuliza mwanafunzi wangu.

Kwa sababu ya aya hiyo mtaalamu aliyekuwa apelekwe pale amepelekwa kwingine, na mama mmoja aliyesikia redio amempoteza mtoto.

Naomba masahihisho yasomwe kwa sauti, kwenye redio ile ile, kabla kamati ya vyeo haijakaa Jumanne. Nilitaka kusubiri ipite. Hilo pia nalikiri, maana kati ya yote ndilo linalonifanya nisijitazame kwenye kioo.

Sina utetezi. Dada yangu asiguswe, nilimwomba mimi.

Mwanafunzi wako


17 Juni

Kijana wangu,

Marahaba.

Nakala ya ukurasa ule ilipowekwa mezani kwangu nilijua kabla sijavaa miwani. Nimesahihisha kazi zako miaka kumi na mmoja. Wewe unaandika umelalia kushoto, herufi zako zinaegemeana kama watu waliochoka kwenye foleni. Ule ulikuwa mwandiko ulionyooka wa mtu anayejaza kadi za wagonjwa kila siku. Kalamu nyekundu nilikuwa nayo mkononi. Nikaifunika.

Nitakuambia kwa nini, ingawa hukuniuliza. Sura nane zilikuwa zimempa Rais alama za chini au za kati, na tayari kulikuwa na minong'ono kwamba wazee wa chuo kikuu tunamchukia. Nilihitaji sura moja ya kututoa lawamani. Yako ilifika wakati huo huo. Nikajiambia mwandiko si ushahidi. Niliweka sharti la kitabu cha wageni mimi, kisha nikawa wa kwanza kulifumbia macho. Usifikiri ni wewe peke yako unayekwepa kioo.

Masahihisho yatasomwa leo saa moja jioni na kesho asubuhi. Nimeandika kwamba sura ya tatu haina alama kabisa, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuona. Jina langu limetangulia lako. Dada yako hakutajwa. Wizara na kamati ya vyeo wana nakala, kwa hiyo Jumanne usijisumbue kuvaa suti. Mimi nimeshaacha uenyekiti.

Nenda kule. Safari hii usimwambie mtu kwamba unakwenda, wasije wakakupangia vitu vizuri vya kuona.

Mwalimu wako


18 Julai

Kinda,

Umekuja siku nisiyokuwepo. Nilikuwa kwenye pikapu na mama wa mapacha, mgonjwa wangu wa ishirini wa rufaa. Wote watatu wazima, nakuambia mapema ili usisome kwa wasiwasi.

Mlinzi amenihadithia. Anasema alikuja mtu mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, ametembea kutoka darajani kwa kuwa basi liliharibika, na kabla hajaomba maji akaomba kitabu cha wageni. Kisha akaomba aonyeshwe chumba cha upasuaji. Ufunguo ninao mimi. Basi mtu yule akasimama mbele ya kufuli, akakaa hapo muda mrefu, mpaka mlinzi akaanza kuingiwa na wasiwasi kuhusu magodoro. Akaandika kitabuni, kisha akauliza nyumba ya mshonaji iko wapi. Akaelekezwa. Alikaa huko nusu saa, akapita getini bila kuaga.

Sijui mlisemezana nini. Sitauliza.

Nimeuona mstari wako. Ni wa kumi na nane, tangu Machi hakuna mgeni mwingine aliyetutembelea. Sababu ya kuja: "Kuona." Maoni: "Mstari ulio juu ya huu si mwandiko wangu, na siku hiyo sikufika. Chumba cha upasuaji kimefungwa kwa kufuli. Nimeliona leo." Nikachukua kalamu, pembeni ya mstari wa kumi na saba nikaandika kwamba mwandiko huo ni wangu, nikaweka jina, cheo na saini. Mganga mkuu wa wilaya ameshaniita. Nitakwenda Jumatatu, na kitabu nitakibeba mwenyewe. Wizara nao wameandika kwamba ombi langu limefunguliwa upya na litaangaliwa kwenye ajira za mwaka ujao. Mwaka ujao, eti. Tutaendelea na pikapu.

Mama anauliza utakuja lini kwake. Anasema usije na maelezo, uje na njaa. Redio ameiwasha tena, ila anasikiliza nyimbo tu.

Jana mshonaji alikuja kliniki yake ya mwisho. Alikaa kwenye kiti kilicho mbele ya meza yangu wakati natafuta kadi yake, na kitabu kilikuwa wazi. Akakisoma. Akasoma mistari yote miwili na maneno yangu ya pembeni, polepole, kidole chini ya kila neno. Mimi nikaendelea kutafuta kadi niliyokuwa nimeshaishika.

Akaniuliza, "Hiki kitabu ni cha nani?"

Nikamwambia ni cha wageni. Wanaokuja kukitazama kituo.

Akasema, "Mimi pia nilikuja. Mbona sikuandikwa?"

Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Alikuwa anauliza kweli. Nikampa kalamu. Akaandika jina lake kwenye mstari wa kumi na tisa, akaniuliza tarehe ya Jumatatu ile, nikamtajia, akaiandika. Kwenye sababu ya kuja akaandika "Kujifungua". Alipofika kwenye maoni akaishikilia kalamu juu ya karatasi, nikafikiri sasa ataandika, na nilikuwa tayari kwa lolote atakaloandika.

Akanirudishia kalamu. Hapo ameacha wazi.

Dada yako